Cherehani Chini ya Shuka Jeupe

Habari hii ina mjinga wake, na ni heri tumtaje mapema, asije mtu akamtafuta kwa jirani. Mjinga wa siku ile alikuwa Sindano. Yeye mwenyewe hakatai. Ukimuuliza leo atakuambia, huku akicheka, kwamba msichana wa miaka kumi na miwili, mwenye akili zake timamu na viatu vyake miguuni, alitoka mbio mchana kweupe kwenda kumwita mama yake mkubwa aje amwone marehemu akishona.

Lakini kabla hujamcheka, ingia kwanza katika nyumba aliyoishi, ukae humo peke yako hata robo saa.

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili na jiko. Sindano aliishi humo na mama yake. Baba yake alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, akionekana mara moja kwa mwezi kama mwezi wenyewe. Sebuleni, karibu na dirisha, ilisimama cherehani ya Bibi. Bibi alikuwa fundi wa nguo aliyesifika mitaa yote ya jirani, na alikuwa amefariki mwaka mmoja na miezi kadhaa iliyopita. Siku waliporudi kutoka maziko, Mama aliifunika cherehani ile kwa shuka jeupe, na tangu siku hiyo hapakuwa na aliyeonekana akilifunua.

Shuka lile lilikuwa na balaa yake. Kwa sababu ya umbo la cherehani, lilijikunja likafanya bega, kisha shingo, kisha kichwa kilichoinama. Ukiingia ghafla kutoka juani ungeapa kuna mtu ameketi pale, amejifunika gubigubi, anangoja ajuliwe hali. Chini ya shuka lilichungulia kanyagio la chuma, limechakaa upande mmoja tu, pale ulipokaa mguu wa kulia wa Bibi kwa miaka arobaini. Alama ya kisigino bado ilionekana. Sindano alikuwa na mazoea ya kupita ubavu ubavu, macho ukutani, na alipofika mlango wa chumbani aliongeza mwendo.

Jina lenyewe la Sindano alipewa na Bibi. "Mwembamba," Bibi alisema, "na ukimshika vibaya anachoma."

Mama alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Aliondoka alfajiri, akarudi adhuhuri macho mekundu kwa mvuke wa pasi, akajilaza kidogo kabla ya Sindano kurudi kutoka shule saa kumi. Alikuwa mtu wa mizaha, lakini kushona hakushona. Kifungo kikikatika, alikipeleka kwa dada yake, yaani Mama Mkubwa, aliyekuwa na kibanda cha vifungo, nyuzi na zipu mtaa wa pili. Ukimuuliza kwa nini, alijibu maneno yale yale kila mara:

"Mimi sikuumbwa kushika mkasi."

Hayakuwa maneno yake. Bibi ndiye aliyemwambia hivyo alipokuwa mtoto: "Wewe hukuumbwa kushika mkasi." Na jambo lililomtisha Sindano ni hili: kila Mama alipoyatamka, sauti yake ilibadilika. Ilishuka, ikawa nzito na ya polepole, kama ya mtu anayesema huku ameuma pini. Ikawa sauti ya Bibi. Nywele za Sindano zilisimama, akatazama kwenye shuka kuona kama limetikisika.

Muhula ule mwalimu wa ufundi aliwataka wanafunzi wa darasa la sita washone kila mmoja vazi moja kwa ajili ya maonyesho ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mwalimu huyo alikuwa mwanamume mnene mwenye sauti nyembamba, na sheria yake ilikuwa moja. "Atakayeniletea nguo iliyoshonwa na fundi," alisema, "nitampa alama fundi."

Mama alifungua sanduku akatoa kitambaa cha buluu chenye vijiua vyeupe. Kilikuwa kitambaa cha mwisho alichonunua Bibi kabla ya kuugua, kinachotosha gauni moja la msichana, wala hakibaki hata leso.

"Kata taratibu, mwanangu," Mama alisema. "Kingine hakuna, na aliyekinunua hatakwenda tena dukani."

Mama Mkubwa, aliyekuwa amekuja kuleta vifungo, alicheka. "Unamwambia nani akate taratibu? Huyu ana mkono wa marehemu Mama. Kipaji kilikuruka wewe, mdogo wangu, kikatua kwake. Mwache, huyu hakosei."

Sindano aliyapenda maneno yale, na papo hapo akayaogopa. Ukishaambiwa kwamba hukosei, siku ukikosea unakwenda kumwambia nani?

Na alikosea. Ilikuwa Jumatatu jioni, Mama ameenda kuchota maji. Sindano alitandaza kitambaa sakafuni, mbele ya lile shuka lililoinama. Kifua na mgongo wa gauni vilikatika vizuri. Ikabaki mikono. Mkono wa nguo una mbele na nyuma. Upande wa mbele huchimbwa zaidi kwapani. Kwa hiyo ukishakata mmoja, lazima uigeuze karatasi ya kipimo kifudifudi ndipo ukate wa pili. Sindano hakuigeuza. Aliisogeza tu pembeni, akapiga mkasi.

Alipoipanga mikono kila mmoja upande wake, yote miwili ilipinda kuelekea upande ule ule, kama watu wawili wanaotazama njia moja. Yote ilikuwa ya kushoto. Aliugeuza mmoja kinyume. Ukapinda sawasawa, lakini vijiua vikapotea, maana upande wa ndani wa kitambaa ulikuwa mpauko mtupu. Akaugeuza tena. Kitambaa kilichosalia ni vipande vya kufutia sahani.

Dirishani upepo ulipuliza. Shuka jeupe lilijaa pumzi, bega likapanda, likashuka.

Sindano aliikusanya ile mikono, akaisukuma chini ya godoro lake, akalala juu yake kama anayeatamia mayai.

Kesho yake shuleni aliunga kifua na mgongo kwenye mashine za darasani. Mwalimu wa ufundi alilinyanyua gauni akalitazama.

"Mikono iko wapi?"

"Nyumbani, Mwalimu."

"Iambie ije shule Ijumaa, kama ya wenzako."

Darasa lilicheka. Sindano naye alicheka, huku akilikunja gauni haraka haraka.

Jumanne hiyo, alipokaribia mlango wa nyumbani, alisikia sauti aliyoijua tangu tumboni mwa mama yake. Taka-taka-taka-taka. Cherehani. Ilikimbia kidogo, ikasita, ikakimbia tena. Sindano alishika kitasa. Sauti ikakatika.

Aliingia. Shuka lilikuwa mahali pake, bega, shingo na kichwa. Sebuleni hapakuwa na mtu. Lakini chini ya shuka, kanyagio lilikuwa likiyumba polepole, juu, chini, juu, chini, kama linavyofanya mguu unapotoka kuinuliwa. Kisha likatulia.

Alikimbilia chumbani. Mama alikuwa kitandani, amejifunika hadi masikioni, akikoroma kwa bidii ambayo baadaye Sindano aliona ilizidi kipimo.

Wakati wa chai hakuweza kujizuia. "Mama, wafu hushona?"

Mama alikuwa akimimina chai. Nusu ikaingia kikombeni, nusu mezani. "Wamshonee nani?" alisema. "Wafu hawana wateja."

"Na kidole chako kimefanya nini?"

Mama alikificha kidole kilichofungwa kitambaa. "Pasi."

"Pasi hutoboa?"

"Kunywa chai, Sindano."

Jumatano sauti ilisikika tena, ikakatika tena alipogusa kitasa. Safari hii palikuwa na kipande cha uzi sakafuni, na juu ya shuka, karibu na lile bega, palikuwa na tone la damu, dogo kama kichwa cha pini, bado bichi. Sindano alipiga hesabu zake, ingawa hesabu hazikuwa somo lake. Kitambaa kilikuwa cha Bibi. Kimeharibiwa. Aliyekiharibu amekificha na kulala juu yake. Bibi, ambaye enzi za uhai wake alimrudisha mteja njiani kwa sababu ya mshono mmoja uliopinda, angenyamaza?

Alhamisi mwalimu wa ufundi aliwaruhusu mapema, saa saba, wakamalizie nguo zao. Sindano alifika mlangoni. Taka-taka-taka-taka. Safari hii hakushika kitasa. Aligeuka, mguu niponye, akakata mitaa miwili bila kusalimia mtu.

Mama Mkubwa alikuwa kibandani akitenga vifungo kwa rangi zake.

"Shikamoo, Mama Mkubwa. Bibi amerudi."

"Marahaba. Amerudi kutoka wapi?"

"Huko alikokuwa."

Mama Mkubwa aliliweka chini kopo la vifungo. "Amesema nini?"

"Hasemi. Anashona."

"Anashona nini?" Hata katika hofu, mwenye biashara haachi kuuliza.

"Sijui. Naapa, Mama Mkubwa, siwezi kukudanganya."

"Usiape. Nisaidie kufunga mlango." Akachukua rula ya mbao ya kupimia vitambaa. Sijui alidhani marehemu anachapwa.

Njiani alikemea ushirikina, akataja elimu na maendeleo. Walipoikaribia nyumba alianza kupunguza mwendo. Walipoisikia sauti alinyamaza kabisa. Hawakugusa mlango. Walizunguka dirishani, ambako pazia lilikuwa limeachia upenyo wa vidole viwili, wakachungulia.

Shuka jeupe lilikuwa sakafuni. Kwenye kiti aliketi mwanamke, amewapa mgongo. Kichwani alifunga kilemba cha rangi ya kahawia, kile Bibi alichokuwa akifunga kila akishona. Utepe wa kupimia ulining'inia shingoni, vile vile alivyoutundika Bibi. Mgongo uliinama, mabega yakapanda na kushuka kwa mwendo wa kanyagio.

Rula ilimponyoka Mama Mkubwa.

"Mama?" alisema. Sindano hakuwahi kuisikia sauti hiyo kwake. Ilikuwa ndogo, ya mtoto. "Mama, nisamehe. Siku ile sikuchelewa makusudi."

Siku Bibi alipokata roho, Mama Mkubwa alikuwa amefika hospitali nusu saa baadaye. Hakuwahi kulitaja jambo hilo kwa mtu yeyote. Sindano alimwangalia, na kwa mara ya kwanza akafahamu kwamba si yeye peke yake anayepita sebule ile ubavu ubavu.

Mgongo ukageuka. Alikuwa Mama, midomo imejaa pini.

"Dada," alisema bila kufungua meno, "dirishani mnatafuta nini? Mlango umekuwa na makosa gani?"

Waliingia. Mezani palijaa vipande vya mashuka makuukuu ya hospitali, yale yaliyochakaa hata yakatupwa, na juu yake mishono iliyopinda kama njia ya ng'ombe. Mama alitema pini moja moja kwenye kiganja. Sikio lake lilikuwa limewiva kwa aibu.

Hofu ya Mama Mkubwa, kama hofu ya watu wengi ikishapita, iligeuka hasira. "Wewe," alisema. "Kwenye cherehani ya Mama."

"Mimi."

"Mtu mzima unajificha mchana kutwa unatoboa mashuka. Kwani umesahau Mama alivyokwambia?"

"Nitasahau vipi? Nakaa nayo nyumba moja maneno hayo, dada. Hata kodi hayalipi."

Sindano hakuwa akisikiliza tena. Kama mshonaji alikuwa Mama, basi Bibi hakuwa amerudi. Na kama Bibi hakurudi, hakuna atakayemaliza jambo hili kwa niaba yake. Alikwenda chumbani akainua godoro. Alirudi na ile mikono, akaiweka mezani juu ya vile vipande.

"Nimekata yote ya kushoto," alisema. "Tangu Jumatatu. Kitambaa kimekwisha. Maonyesho ni kesho."

Mama alivuta mikono ile karibu. Akaiweka sambamba, akaipapasa mahali ilipopinda. Uso ulimkauka. Alitazama vijiua vyeupe kwa muda mrefu, na alipoinua kichwa macho yake hayakumtazama Sindano bali mahali fulani nyuma yake, mbali.

"Wewe huku..." alisema.

Ilikuwa sauti ile. Nzito, ya polepole, ya mtu aliyeuma pini. Lakini pini zote zilikuwa kiganjani.

Sindano aliganda. Mama Mkubwa naye alishika ukingo wa meza, maana yeye alikuwepo siku sauti hiyo iliposema kwa mara ya kwanza, na alijua neno linalofuata. Shuka lilikuwa sakafuni, tupu, limelala kama ngozi ya nyoka. Aliyekaa chini yake muda wote ule hakuwa amekwenda mbali. Alikuwa amehamia kinywani mwa Mama.

Mama aliziba mdomo kwa kiganja. Pini zilianguka moja moja sakafuni. Kisha akaondoa mkono.

"Wewe hukugeuza karatasi," alisema, na sauti ilikuwa yake mwenyewe, imekwaruzika kidogo. "Basi. Hukugeuza karatasi."

Alivuta kiti akakaa, akamvuta Sindano naye akae.

"Nilikuwa na umri wako. Kilikuwa kitambaa cha bibi harusi, cheupe, na mwenyewe yuko mlangoni anasubiri. Nikakata mikono miwili ya kushoto, kama hii. Mama akaitazama, akaniambia neno lile. Labda alikuwa amechoka. Labda alimwonea haya mteja. Yeye alilisema mara moja tu, Sindano. Mimi nimelirudia miaka ishirini na minane."

"Sasa kwa nini umeanza leo?" aliuliza Mama Mkubwa, lakini ukali ulikuwa umempungua.

"Si leo. Tangu mwezi uliopita. Mwalimu wa hesabu aliniita shuleni."

Sindano aliinamisha kichwa.

"Alinionyesha karatasi ya mtihani. Mahali pa jibu, huyu ameandika: Hesabu si za ukoo wetu. Mwalimu akaniuliza, mama, mtoto huyu amelipata wapi neno hili? Nikamwambia sijui. Nilikuwa najua. Nililisema mimi, jikoni, nikimenya viazi, kama mtu anayesema leo mawingu yametanda. Nikatembea kurudi nyumbani nikisikia nyayo nyuma yangu. Nikaona Mama alinirithisha cherehani na neno lake. Mimi cherehani nimeifunika, neno nimempa mwanangu."

Alivuta droo ya cherehani, akatoa kopo la bati. Ndani mlikuwa na nyembe, mamia, zimevunjwa nusu nusu, zimeliwa na kutu, makali yote yamekwisha.

"Siku hiyo nilifungua droo kutafuta pini, nikakuta hizi."

"Nyembe za Mama za kufumulia," alisema Mama Mkubwa. Aliokota moja akaitazama kiganjani. "Alizificha humu."

Sindano alichungulia kopo. "Lakini Mama Mkubwa, fundi asiyekosea anafumua nini?"

Mama Mkubwa aliurudisha ule wembe koponi.

"Ndilo swali nililojiuliza," Mama alisema. "Nikaona kabla sijamwambia mtoto ajaribu asichokiweza, nijaribu changu. Nikaomba mashuka mabovu kazini, nikaanza. Kila siku niliacha kabla huyu hajarudi, ila wiki hii nimenogewa, nikasahau saa."

"Kwa nini ulijificha, Mama? Ulinitisha. Hata damu niliiona."

"Kwa nini uliificha mikono chini ya godoro?"

Sindano alitazama mlango wa chumbani.

"Basi jibu lako ndilo langu. Nilitaka unione siku nitakayokuwa nimeshajua. Hilo nalo ni kosa, na si la cherehani, ni la umama. Sikiliza, mwanangu. Watu husema mama anazaliwa mama. Mimi nakwambia umama sikuzaliwa nao, ninajifunza kama ninavyojifunza mshono huu uliopinda. Nikikosea, nafumua, nashona tena. Ile sauti haitaondoka leo wala kesho. Itakuja, nitaisikia, nitaiacha ipite. Na wewe usikubali mtu akwambie hukuumbiwa jambo, hata akiwa mimi. Wala usikubali akwambie hukosei, hata akiwa mama yako mkubwa. Yote mawili ni shuka moja. Ukifunikwa nalo, hutikisiki."

Mama Mkubwa aligeukia dirisha, akajifanya anatazama barabara.

"Sasa tufanyeje?" Sindano aliuliza. "Kitambaa hakuna."

Mama aliinama, akaliokota shuka kutoka sakafuni, akalikung'uta. Vumbi lilipanda katika mwanga wa dirisha, likashuka. Lilikuwa shuka zuri, zito, jeupe kama vile vijiua.

"Mimi sikati," alisema. "Mwalimu wako atanipa mimi alama. Kata mwenyewe. Mimi nitakata vya kwangu pembeni, tuone nani ataaibika kwanza."

Sindano alitandaza. Akaweka karatasi, akakata mkono wa kwanza. Akaiinua karatasi, akaigeuza kifudifudi, akaitazama, akamtazama Mama, akakata wa pili. Mikono ikapinda, kila mmoja upande wake, kama watu wanaoagana.

Aliyeaibika kwanza alikuwa Mama, aliyeshona mkono wake ndani nje, nje ndani. Alicheka hadi akafuta machozi, akachukua wembe. Sindano naye alifumua mara mbili, maana bega la kushoto lilikunjamana. Walipokezana kiti. Mguu wa Sindano ulikaa pale pale penye alama ya kisigino cha Bibi, na chuma kilikuwa cha moto kwa kukanyagwa. Mama Mkubwa alikaa pembeni, akatoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba, na jua lilipokaribia kutua alisikika akisema, "Lete hiyo, vifungo nitakuonyesha vinavyokaa."

Ijumaa gauni la buluu lenye mikono myeupe lilitundikwa pamoja na mengine. Halikupata namba ya kwanza. Hiyo ilikwenda kwa kijana aliyeshona kaptura yenye mifuko minne. Mwalimu wa ufundi alilisogelea, akavuta bega la kushoto.

"Hapa pamekunjamana."

"Nilifumua mara mbili, Mwalimu."

"Fumua ya tatu. Na wazo hili la mikono myeupe ulilipata wapi?"

"Nilikosea," alisema Sindano, na alishangaa jinsi neno lilivyokuwa jepesi.

Mwalimu aliandika kitu kwenye daftari lake, akiguna kwa namna ambayo wanafunzi wake waliijua kuwa ni sifa. Na Jumatatu iliyofuata, katika daftari la hesabu la Sindano, palikuwa na majibu sita, manne yamekosewa, lakini nafasi tupu haikuwepo hata moja.

Lakini tusiruke Ijumaa ile. Jioni walikuwa watatu sebuleni, cherehani imesimama wazi karibu na dirisha, chuma chake cheusi kinang'aa kwa mafuta mapya. Sindano alipita mbele yake, si ubavu ubavu. Hata hivyo, alipopita, aliisalimia kimoyomoyo, maana adabu haipotezi kitu.

Mama alikuwa akijaribu kupenyeza uzi kwenye tundu la sindano. "Nimezungumza na mwalimu wa ufundi," alisema. "Jumamosi asubuhi anafundisha watu wazima. Kesho naanza."

"Unaanza nini?" Mama Mkubwa alimtumbulia macho. "Una miaka arobaini, mdogo wangu. Utakaa benchi moja na wasichana wa juzi wakucheke?"

"Wakicheka nitawaonyesha pa kuchekea zaidi. Mishono ninayo ya kutosha."

"Mimi nasema kwa kukupenda. Kuhusu huyu mtoto umenishinda, nakubali. Lakini wewe muda wako umepita. Wahenga hawakuwa wajinga waliposema samaki mkunje angali mbichi. Akishakauka, ukimkunja anavunjika."

Uzi ulikosa tundu mara ya kwanza, ukakosa mara ya pili. Mama aliulowesha mdomoni, akaukaza vidoleni. Mara ya tatu ukapita.

"Samaki mkavu hakunjiki kwa sababu amekufa, dada," alisema. "Mimi niko hai."